Tukitunga kosa jipya la mauaji ya wanawake, nia itathibitishwa vipi?

Tangu maandamano ya Januari 27, 2024, wakati maelfu ya wanawake walijaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko, kuna dai moja linarudi kila mara mwanamke akipatikana ameuawa kwa nyumba ya kukodi. Bunge litunge kosa jipya, mauaji ya wanawake, ama femisaidi kama wengi wanavyoita, lisimame peke yake kando na kosa la mauaji tulilo nalo. Dai lilipata nguvu zaidi polisi waliposema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024, miezi mitatu tu, halafu Disemba 10 mwaka huohuo waliotoka kuandamana wakarushiwa vitoa machozi, halafu Januari 2025 Rais akaunda kikosi kazi cha watu 42 chini ya Nancy Baraza, aliyewahi kuwa Naibu Jaji Mkuu, kuchunguza dhuluma za kijinsia pamoja na haya mauaji. Mimi niko upande wa hasira hiyo. Lakini naona mjadala umepindia mahali pamoja. Watu wanaamini kesi hizi zinaanguka, ama zinashushwa kuwa kuua bila kukusudia, sababu sheria ya sasa inataka korti iingie ndani ya moyo wa mtu, kwa hivyo kosa jipya litarahisisha kazi. Ukweli unaelekea kinyume kabisa. Kwa upande wa nia, sheria tuliyo nayo ni pana kuliko wengi wanavyojua, na kosa jipya likiandikwa ovyo litambebesha mwendesha mashtaka kitu cha pili cha kuthibitisha juu ya kile cha kwanza ambacho tayari kinamtoa jasho.

Tuanze na sheria yenyewe manake wengi wanaoisema hawajaisoma. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 203, inasema ukisababisha kifo cha mtu kwa kitendo haramu na ulikuwa na ile nia mbaya, hayo ni mauaji. Hiyo nia inaelezwa kwa kifungu cha 206, na iko na milango minne. Mlango wa kwanza ni kukusudia kuua ama kukusudia kumuumiza mtu vibaya sana, hata kama aliyekufa siye uliyemlenga. Wa pili ni kujua kwamba unachofanya kina uwezekano mkubwa wa kuleta kifo ama majeraha mabaya, na hapo sheria inaongeza maneno ambayo ningependa yabandikwe kwa ukuta wa kila kituo cha polisi, kwamba haijalishi kama hukujali yatakayotokea ama hata ulitamani yasitokee. Wa tatu ni nia ya kutenda kosa lingine zito na wa nne ni kumsaidia mhalifu kutoroka, hiyo miwili tuiache leo. Sasa angalia. Jamaa anayesimama kizimbani akasema sikutaka afe, nilitaka tu kumtia adabu, na adabu yenyewe ilikuwa ya nondo kichwani, huyo amejifungia mwenyewe kwa mlango wa kwanza. Hakuna mahali sheria inasema lazima alitaka afe. Hakuna mahali inasema lazima alipanga wiki nzima. Na kifungu cha 9 kinasema sababu iliyomsukuma mtu, iwe ni wivu, deni ama shamba, haihesabiki katika hatia yake isipokuwa sheria iseme hivyo waziwazi. Hayo maneno ya mwisho myakumbuke, nitayarudia.

Mfano ambao wengi waliufuata kwa televisheni ni wa Oscar Pistorius kule Afrika Kusini. Usiku wa kuamkia Valentine 2013 alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, Reeva Steenkamp akafa, na yeye akasema alidhani ni mwizi. Jaji Thokozile Masipa mwaka 2014 akamwona na hatia ndogo, ile ya kuua kwa kukosa uangalifu, akampa miaka 5, manake hakuridhika kwamba jamaa aliona mbele kuwa angemuua Reeva ama yeyote aliyekuwa humo. Disemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikageuza ikawa mauaji. Hoja yake ilikuwa rahisi sana, kwamba kujua ni nani yuko ndani hakukuwa na maana yoyote, choo kilikuwa kidogo, mtu aliyekuwemo hakuwa na pa kujificha, na yeyote anayepiga risasi nne mahali pale lazima aliona kwamba huenda akaua na akaendelea tu. Mwishowe, 2017, adhabu ikapandishwa hadi miaka 13 na miezi 5. Sheria ya Afrika Kusini si yetu, hata majina ya makosa yanatofautiana, lakini kifungu chetu cha 206 kingemfikisha jaji wa hapa mahali palepale bila kutunga kitu kipya. Na kumbuka, kesi yote hiyo ilibishaniwa na ikaamuliwa bila mtu hata mmoja kuthibitisha Pistorius alichukia wanawake.

Hapo ndo huwa naletewa ile hoja nyepesi kuliko zote, kwamba ya moyoni anayajua Mungu peke yake kwa hivyo korti inabahatisha tu. Kama ingekuwa hivyo hata mwizi wa kuku asingefungwa, manake wizi nao unataka nia ya kuchukua kabisa. Korti za huku ziliamua zamani jinsi ya kuitafuta nia. Mwaka 1945 iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Tubere, iliweka vitu vya kuangaliwa: silaha gani ilitumika, ilitumikaje, ilipiga sehemu gani ya mwili, majeraha yalikuwa ya aina gani, na mshtakiwa alijiendesha vipi kabla, wakati na baada ya tukio. Wakasema pia ni rahisi zaidi kuona nia mtu akitumia mkuki ama kisu kuliko akitumia fimbo. Mpaka leo fungua hukumu yoyote ya mauaji ya Mahakama Kuu, Kenya ama Uganda, utamkuta Tubere humo. Watanzania nao wana orodha yao karibu ileile kutoka kwa kesi ya Enock Kipela, wao wameongeza idadi ya mapigo na maneno aliyoyatamka mshambulizi. Kwa hivyo jaji haulizi alifikiria nini, anauliza kilichoonekana kinaweza kuelezwa kwa njia ipi nyingine zaidi ya kukusudia, na kama kuna njia nyingine ya maana basi mshtakiwa anafaidika na hiyo shaka. Ni kazi ya kawaida, tunaifanya nyumbani kila siku tukiamua kama mtoto amevunja glasi makusudi.

Shida ni kwamba orodha ya Tubere inafaa sana ugomvi wa nje na inapwaya ugomvi ukiwa ndani ya nyumba. Inafikiria silaha. Wanawake wengi wanaouawa na wapenzi wao wanauawa kwa kunyongwa kwa mikono, kwa mto, kwa kupigwa mateke, kwa kusukumwa kutoka kwa balkoni ya ghorofa ya tano, na mara nyingi aliyeona ni aliyeua peke yake. Wakili mzuri wa utetezi anajua kabisa aseme nini hapo, kwamba hakukuwa na silaha, walikuwa wanasukumana tu, aliteleza. Na bado hata hapo mwili unaongea kama umesikilizwa. Kumkaba mtu shingo mpaka afe kunachukua muda, si kofi moja, mkono lazima uendelee kubana wakati mwingine anapigania pumzi na hata baada ya kulegea, na kila sekunde ya kuendelea ni jibu kwa swali la kama alijua anachofanya. Daktari wa upasuaji wa maiti akiandika tu kwamba chanzo cha kifo ni kukosa hewa, bila kueleza alama za vidole shingoni, mfupa uliovunjika, michubuko ya kucha, kesi imeshanyimwa ushahidi wake mkubwa wa nia kabla hata ya faili kufika kwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hapo hakuna kosa jipya litakalosaidia.

Halafu kuna mahali korti zenyewe zimekuwa zikiyumba, na haya ndo malalamiko ya wanaharakati ambayo nayaona yana uzito. Chukua kesi ya Nzuki ya Mahakama ya Rufaa, iliyoripotiwa 1993. Mtu alimvuta mwenzake kutoka ndani ya baa akamdunga kisu akamuua. Mahakama Kuu ikasema mauaji, Mahakama ya Rufaa ikashusha ikawa kuua bila kukusudia, ikisema hakukuwa na sababu yoyote iliyoonekana na hakuna kitu kwenye rekodi cha kuonyesha alikuwa na nia inayotakiwa, na kwamba kujua tu kuna hatari kubwa hakutoshi peke yake. Nikiisoma hukumu hiyo sambamba na kifungu cha 206 nabaki nikikuna kichwa. Kifungu cha 9 kinatuambia sababu haina maana, na hapa ukosefu wa sababu umeokoa mtu na kamba. Mawakili wanaitaja Nzuki kila siku. Aliyedunga mara moja anapata bahati, aliyedunga mara kumi na tatu hapati, na mtu aliyefiwa hawezi kuelewa kwa nini ustadi wa kulenga mara moja ukawa faida. Niliwahi kukaa benchi la nyuma Mahakama Kuu moja ya Pwani siku ya hukumu kama hiyo, mama aliyekuwa kando yangu akaniuliza polepole, kwani hakuona ni kisu? Sikuwa na jibu.

Kitu kingine kwenye orodha ya Tubere kinachonisumbua ni mwenendo wa baada ya tukio. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi alimwona Tom Cholmondeley, wa familia inayomiliki shamba la Soysambu kule Bonde la Ufa na mjukuu wa Lord Delamere wa nne, ama mtoto wa ukoo huo kama hupendi kuhesabu malodi, hana hatia ya mauaji bali ya kuua bila kukusudia katika kifo cha Robert Njoya aliyepigwa risasi 2006. Cholmondeley alisema alikuwa analenga mbwa wa wawindaji haramu. Kitu kilichomsaidia sana ni alichofanya baadaye, alijaribu kuzuia damu na akatoa gari majeruhi apelekwe hospitali, na jaji akaona huyo si mtu aliyekuwa na nia ya kuua. Alipewa miezi 8 juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande, na nchi ikachemka. Mimi sisemi jaji alikosea kwa ushahidi aliokuwa nao. Nasema kipimo chenyewe kinampendelea mwenye gari, mwenye simu yenye chaji na mwenye uhakika kwamba hakuna kundi litakalomvamia. Mwanamume wa mtaa wa mabanda aliyemsukuma mkewe akaanguka vibaya, hata kama kweli ilikuwa ajali, atatoroka tu, sababu anajua majirani watafika na mawe na tairi kabla ya polisi. Kutoroka kwake kunaandikwa kama dalili ya hatia. Na upande wa pili mwuaji mwerevu anapiga ambulensi mwenyewe, analia kuliko mama mzazi, anaposti mshumaa mtandaoni, kisha anakuja kuvitumia vyote hivyo kama mwenendo mwema. Jaji akisoma mwenendo wa baada ya tukio bila kuangalia mtu alikuwa na uwezo gani na anaishi wapi, anasoma mkoba wake.

Lakini kama unauliza ni wapi hasa kesi nyingi za wapenzi zinashuka kutoka mauaji, nakuelekeza kwa sehemu mbili ambazo hazitajwi sana kwenye mabango. Ya kwanza ni vifungu vya 207 na 208, utetezi wa kughadhabishwa. Mtu akiua katika hasira ya ghafla iliyoletwa na kitendo kibaya ama tusi ambalo lingemfanya mtu wa kawaida apoteze kujizuia, na kabla hasira haijapoa, kosa linashuka. Nia inaweza kuwepo kabisa na bado ikashuka! Huyo mtu wa kawaida kwa miaka mingi amekuwa mwanamume anayemfumania mkewe. Waingereza waliotuachia huo utetezi waliufuta kwao kwa sheria ya 2009, wakaweka mwingine wenye masharti na wakaandika kwamba uzinzi peke yake usihesabiwe. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenyewe ameshaitupa. Sehemu ya pili ni makubaliano ya kukiri makosa, yaliyoingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2008, kifungu cha 137A na ndugu zake. Mshtakiwa anakubali kuua bila kukusudia, mashtaka ya mauaji yanaondolewa, kesi inaisha asubuhi moja. Hapo suala la nia halikupimwa na mtu yeyote, hakuna shahidi aliyeulizwa, na familia wanatoka kortini wakiamini jaji amesema hakukusudia. Hakusema. Hakuulizwa. Kuua bila kukusudia kunaweza kumpa mtu hata kifungo cha maisha chini ya kifungu cha 205 kwa hivyo si kwamba ni kosa la kupigwa faini, ila kila mtu kwenye hicho chumba anajua mazungumzo yamefanywa ili isifike huko.

Sasa wanaotaka kosa jipya wana hoja zao na zingine ni nzito. Wanasema kosa likiwa na jina lake takwimu zitaonekana, manake leo polisi wanaandika mauaji, nukta, na kujua ni wangapi waliuawa na wapenzi wao lazima mashirika yachambue magazeti. Kweli kabisa. Wanasema jina linabadilisha uchunguzi, polisi atajua tangu siku ya kwanza anatafuta nini. Hiyo pia naikubali kiasi. Wanasema tatizo ni kubwa kuliko huku kwetu, Umoja wa Mataifa ulikadiria wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wapenzi ama jamaa zao duniani mwaka 2023, na Afrika ndio iliongoza kwa takriban 21,700, kwa hivyo kulichukulia kama mauaji ya kawaida tu ni kujifanya hatuoni. Naikubali. Upande wa pili kuna hoja inayopendwa sana na wanaume wa mtandaoni, ati kosa kama hilo ni ubaguzi chini ya Katiba sababu wanaume pia wanauawa. Hii ni dhaifu na sijui kwa nini inapewa muda wa redio. Kanuni yetu ya Adhabu ina kosa linalomhusu mwanamke peke yake tangu ukoloni, kifungu cha 210, mama anayemuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 akili yake ikiwa haijatulia kwa ajili ya uzazi, naye anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Hakuna mwanamume aliyewahi kuandamana kudai baba naye aingizwe hapo. Sheria huruhusiwa kutofautisha pale hali zenyewe zinatofautiana, na mwanamume kuuawa na mkewe hakuhusiani na kama mauaji haya mengine yana sura yake.

Hoja ya kupinga ambayo ingefaa ijibiwe, na sijaisikia ikijibiwa, ni hii ya nia. Ukisema mauaji ya wanawake ni kumuua mwanamke kwa sababu ni mwanamke, umefanya kitu ambacho kifungu cha 9 kilikukinga nacho, umeiingiza sababu ndani ya hatia. Mwendesha mashtaka sasa atathibitisha kwanza ile nia ya 206, halafu juu yake athibitishe chuki ama dharau ya kijinsia bila shaka ya maana. Wakili wa utetezi ataita dada za mshtakiwa, ataita mamake, ataita bosi wake wa kike, wote waseme huyu kijana anaheshimu wanawake, na hakuwa na neno na wanawake, alikuwa na neno na huyu mmoja juu ya pesa za chama. Italia walipopitisha kosa lao Novemba 2025, lenye kifungo cha maisha, waliweka maneno ya chuki na ubaguzi lakini wakaongeza hali za nje kama mwanamke kukataa kuanza ama kuendelea na uhusiano, na hiyo ya pili ndo itakayobeba kesi, nadhani, kuliko ile ya kwanza. Mexico walikwenda mbali zaidi, tangu 2012 kifungu cha 325 cha sheria yao ya shirikisho kinaorodhesha dalili zenyewe: alama za ukatili wa kingono, majeraha ya kudhalilisha, historia ya vipigo nyumbani ama kazini, kuwepo uhusiano wa kimapenzi, vitisho vya awali, mwathiriwa kufungiwa asiwasiliane, maiti kutupwa ama kuanikwa hadharani. Moja ikithibitishwa, sababu ya kijinsia imethibitishwa. Yaani waliifanya kama Tubere, wakaacha kupapasa moyo wakaangalia kilicho nje. Kama tunatunga tutunge hivyo, na mimi ningeondoa kabisa maneno "kwa sababu ni mwanamke" hata kama yanapendeza kwenye hotuba.

Wamexico wana jambo lingine ambalo halihitaji hata Bunge. Mwaka 2015 mahakama yao ya juu, kwenye kesi ya Mariana Lima Buendía, mwanamke ambaye mumewe alikuwa afisa wa upelelezi na akasema amejinyonga, iliamuru kila kifo cha mwanamke chenye dalili ya ukatili, hata kinachoonekana ni kujiua, kichunguzwe kwanza kama huenda ni mauaji ya kijinsia. Hiyo haimtii mtu hatiani. Inamlazimisha mpelelezi achukue picha, asioshe chumba, achukue simu, aulize majirani wa ploti. Inspekta Jenerali wa Polisi na DPP wakikubaliana wanaweza kuandika maagizo kama hayo kesho asubuhi. Wakati huohuo ushahidi wa nia ambao tayari tunao unaozea kwa makabati. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mambo yanayoonyesha hali ya akili ya mtu, ikiwemo uhasama kwa mtu fulani, kwa hivyo vipigo vya mwaka jana vinaweza kuletwa kuonyesha cha mwaka huu hakikuwa bahati mbaya. Lakini vitaletwa na nani? Mwanamke alienda kituoni akaambiwa haya ni mambo ya nyumbani mrudi mkaongee. Akiwa na bahati alipata namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Fomu ya P3, ile ya daktari kueleza majeraha, ilijazwa ikabaki kwa mkoba wake. Chifu na wazee waliwapatanisha mara mbili bila kuandika popote. Alimwambia rafiki yake huyu ataniua, na rafiki akija kuyasema kortini wakili anaruka, huo ni uvumi, manake kifungu cha 33 kinakubali maneno ya marehemu yanayohusu kilichomuua, si kila hofu aliyowahi kuwa nayo. Zile meseji za whatsapp za vitisho, ambazo ni nia imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, zinaletwa kama skrinshoti bila cheti cha kifungu cha 106B, kile cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, na zinakataliwa.

Ndio maana nikiulizwa Bunge lifanye nini naanza na mambo yasiyo na jina kubwa. Ukarabati wa kifungu cha 208, kwamba mwanamke kuondoka, kukataa kurudi, ama kuwa na mtu mwingine hakuwezi peke yake kuwa kughadhabishwa. Sharti kwamba makubaliano ya kushusha mauaji yaandikwe sababu zake na yasomwe mbele ya familia kortini, ili kama nia imeachwa ijulikane imeachwa na nani. Kifungu kwenye Sheria ya Ushahidi kinachoruhusu malalamiko ya awali ya marehemu dhidi ya mpenzi wake, kwa masharti, jaji ayapime mwenyewe. Hofu kwamba majaji wanakwepa neno mauaji sababu ya kamba nayo imepungua sana, hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987 na Mahakama ya Juu ilisema 2017, kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima kwa mauaji, kwa hivyo jaji anaweza kusema hili ni mauaji halafu akatoa miaka anayoona inafaa. Kile kisingizio cha kushusha kosa ili kuokoa maisha hakipo tena.

Baada ya hayo, kosa jipya likija likiwa na dalili zinazoonekana, sawa, nitalipigia makofi. Likija na yale maneno ya moyoni nakwambia kitakachotokea. Kesi ya kwanza itaenda kwa mbwembwe na kamera, utetezi utaonyesha picha za harusi na risiti za zawadi za birthday, jaji ataona mauaji yamethibitishwa ila chuki ya kijinsia ina shaka, na atamtia mshtakiwa hatiani kwa lile kosa la zamani la 203. Waendesha mashtaka si wajinga, wana mafaili mengi na muda mdogo, kutoka siku hiyo watakuwa wanashtaki kwa 203 moja kwa moja ili wasijitafutie mzigo. Na polisi, wanaohesabu kulingana na shtaka lililoandikwa kwa karatasi, watatuletea ripoti ya mwaka inayosema mauaji ya wanawake nchini Kenya yamepungua karibu kabisa.